Kijaluba cha Rangi za Macho na Bei Yake

Wanahistoria wamezoea kuandika habari za vita, wafalme, mikataba na mipaka, na msomaji naye amezoea kuamini kwamba yale yasiyoandikwa humo hayakuwa na uzito. Vitu vidogo vya kila siku huachwa kando, hasa vikiwa ni vitu vya wanawake. Miongoni mwa vitu hivyo ni kijaluba cha rangi za macho: kisanduku chembamba cha bati au plastiki, chenye kioo kidogo kifunikoni, na ndani yake vishimo vinne, au sita, au kumi na viwili, na katika kila kishimo poda iliyoshindiliwa, hii ya kahawia, ile ya waridi, nyingine nyeusi. Mwanamke aendaye kazini huchovya ncha ya kidole au brashi ndogo, akapaka juu ya jicho lake, akafunika kijaluba na kwenda zake. Huko Marekani, ambako biashara ya kitu hiki ilikua kwa namna ya pekee, kijaluba hununuliwa katika duka la dawa, katika rafu iliyo jirani na dawa za kikohozi na miswaki, kwa dola chache tu.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi rangi ya macho ilivyokuwa rahisi, na ni nani aliyelipa gharama ya urahisi huo. Hoja yangu ni moja. Bei ndogo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitengenezwa hatua kwa hatua, kwa akili ya wakemia, kwa hesabu za wachuuzi na kwa jasho la wachimbaji. Tena mara nyingi, bei ilipopungua dukani, sehemu ya gharama ilihamia kwa mtu ambaye hakutajwa katika biashara hiyo. Pengine mtu huyo alikuwa mnunuzi mwenyewe, aliyelipa kwa jicho lake. Pengine alikuwa mtoto aliyetambaa shimoni katika nchi ya mbali. Sisemi haya ili kuibeza rangi rahisi wala waipakao. Kujipamba si dhambi ya maskini na haki ya matajiri. Na kama yuko mtu wa kulaumiwa katika habari hii, siye yule mwanamke mwenye kijaluba chake cha dola tatu.

Historia ya kijaluba huanza na jiwe. Katika Misri ya Juu, zaidi ya miaka 4000 kabla ya Masihi, watu wa zama ziitwazo za Badari walizikwa pamoja na vibao vya jiwe laini la kijivujivu, ambavyo juu yake walisagia rangi ya macho. Rangi yenyewe ilikuwa ya kijani, nayo ilitoka katika malakiti, madini ya shaba yaliyochimbwa katika jangwa la mashariki na katika Sinai. Baadaye vibao vilichongwa kwa sura za samaki, kasa, ndege na viboko. Havikuwekwa katika makaburi ya wakubwa peke yao, bali hata katika makaburi yenye vitu vichache. Kibao mashuhuri kuliko vyote ni kile cha mfalme Narmer, chenye urefu wa sentimita 64 hivi, kilichofukuliwa Hierakonpolis katika mwaka 1898 na kuwekwa katika jumba la makumbusho la Cairo. Wasomi hukisoma kwa sababu ya mambo ya utawala, maana kinamwonyesha mfalme akimpiga adui yake. Lakini katikati ya upande wake mmoja, pale shingo ndefu za wanyama wawili zinapozungukana, pana kishimo cha mviringo; na kishimo hicho ni mahali pa kusagia rangi ya macho. Basi moja ya hati za kwanza za dola duniani imechorwa juu ya chombo cha urembo. Mwanahistoria adharauye vyombo vya urembo na aliangalie jiwe hilo mara ya pili.

Katika karne zilizofuata rangi ya kijani ilipungua na nyeusi ikashika mahali pake. Nyeusi hiyo aghalabu ilisagwa kutokana na galena, madini ya risasi yang'aayo, yaliyochimbwa Gebel Zeit katika pwani ya Bahari ya Shamu. Wanaume na wanawake walijipaka, wakubwa na wadogo. Mafuta ya kujipaka mwilini nayo yalihesabiwa kuwa ni haja ya kila siku. Ushahidi mzuri tunaupata katika kijiji cha Deir el-Medina, walimokaa mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu, yapata mwaka 1157 kabla ya Masihi, mafundi hao walipocheleweshewa posho waliacha kazi, wakaenda kuketi nyuma ya mahekalu. Waraka uliohifadhiwa Turin unaeleza malalamiko yao: wana njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta ya kujipaka, hawana samaki wala mboga. Mafuta yametajwa katika pumzi moja na chakula. Wafanya kazi hao hawakuyaona kuwa ni anasa ya kuombewa radhi.

Je, rangi hiyo ya risasi haikuwadhuru? Swali hili limewashughulisha wakemia wa siku zetu. Mwaka 1999 wachunguzi wa Ufaransa walitangaza matokeo ya kupima poda zilizobaki katika vyombo vya Misri vilivyomo Louvre. Pamoja na galena waliona michanganyiko miwili ya risasi na klorini ambayo si rahisi kupatikana ardhini kwa wingi namna ile. Wakakata shauri kwamba Wamisri waliitengeneza wenyewe, kwa kuchanganya oksidi ya risasi na chumvi katika maji na kuisubiri kwa siku nyingi. Mwaka 2010 wachunguzi wengine walieleza kwamba risasi ya michanganyiko hiyo, ikiwa kidogo mno, huweza kuamsha kinga ya mwili dhidi ya vijidudu vya macho. Karatasi ya tiba iitwayo ya Ebers, ya yapata mwaka 1550 kabla ya Masihi, nayo inataja wanja katika dawa za macho. Hata hivyo risasi ni sumu, na sumu yake hujilimbikiza mwilini, hasa mwili wa mtoto. Basi dawa na sumu zilikaa katika chombo kimoja tangu mwanzo, na tutaona kwamba bado hazijaachana.

Ufundi wa kupaka macho haukufa pamoja na mafarao. Uliendelea katika Bara Arabu, Uajemi na Bara Hindi, na kwa majahazi ya pepo za musimu ukafika katika pwani yetu. Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu hiyo. Twasema wanja, na ule uliosifiwa zaidi twauita wanja wa manga. Na Manga ni Uarabuni, hasa upande wa Oman. Jina la kitu limebeba jina la bandari kilikotoka. Waislamu wa pwani wamepokea hadithi zinazosifu ithmidi, na Tirmidhi ametenga mlango mzima kwa habari za wanja katika kitabu chake cha sifa za Mtume. Kwa sababu hiyo wanja katika pwani haukuwa pambo la mwanamke peke yake. Mwanamume aliutia siku ya Idi, na mama alimtia mtoto mchanga akiamini kwamba anayakinga macho yake. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba wanja wa namna hiyo ni antimoni, na kamusi nyingi zimeandika hivyo. Vipimo vya karne iliyopita na hii vimeonyesha kwamba wanja mwingi uuzwao katika masoko ya Mashariki ni galena ile ile ya Wamisri, yaani risasi. Pengine hutengenezwa kwa masizi, na huo hauna risasi. Lakini mnunuzi hawezi kuutambua kwa kuutazama tu.

Wakati watu wa bahari ya Hindi wanatia wanja pasipo haya, Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na fikira nyingine. Katika Uingereza ya malkia Victoria, mwanamke wa heshima hakupaswa kuonekana kuwa amejipaka rangi. Rangi ya uso ilihesabiwa kuwa ni ya wachezaji wa jukwaani na ya malaya. Waliojipaka walijipaka kwa siri. Lakini karne hiyo hiyo, iliyoikataza rangi kwa mdomo, ndiyo iliyoitayarisha kwa mkono. Buluu njema ya kale ilitoka katika lazuwardi, jiwe la milima ya Badakhshan huko Afghanistan, na bei yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1824 chama kimoja cha kuendeleza viwanda nchini Ufaransa kiliweka zawadi ya faranga 6000 kwa mtu atakayeweza kuitengeneza buluu hiyo kiwandani kwa bei ya chini. Mwaka 1828 zawadi ilimwendea Jean-Baptiste Guimet, aliyeipata kwa kuchoma udongo mweupe, magadi na kiberiti. Tangu hapo buluu ya wafalme ikawa kitu cha kupimwa kwa ratili. Mwaka 1856 kijana Mwingereza William Perkin alitoa rangi ya zambarau katika lami ya makaa ya mawe, na kutoka mlango huo zikamiminika rangi nyingine nyingi. Hakuna katika watu hao aliyekuwa akifikiri juu ya macho ya wanawake. Walifikiri juu ya nguo na picha. Lakini kijaluba cha leo hakingewezekana bila kazi yao.

Mambo mawili yaliivunja haya ya Ulaya na Marekani. La kwanza ni sinema. Katika picha za kimya, ambazo mchezaji hakuweza kunena, jicho lilifanya kazi ya ulimi, na filamu za siku zile hazikuziona rangi kama tuzionavyo sisi: nyekundu ilitoka kama nyeusi, na buluu ilififia kuwa nyeupe. Ikawa lazima macho yazungushiwe giza ili yaonekane. Theda Bara, aliyecheza Kleopatra mwaka 1917, aliwafundisha watazamaji wengi namna macho yaliyopakwa yanavyoweza kutazama. La pili ni Misri yenyewe. Sanamu ya kichwa cha malkia Nefertiti ilifukuliwa mwaka 1912, ikaonyeshwa hadharani Berlin katika miaka ya 1920; na mwaka 1922 Howard Carter alifungua kaburi la Tutankhamun, ambaye kinyago chake cha dhahabu kina macho yaliyozungushiwa mistari ya lazuwardi. Dunia ikajaa picha za macho yaliyotiwa wanja miaka elfu tatu iliyopita. Walioogopa kufananishwa na malaya sasa waliweza kufananishwa na malkia.

Palikosekana jambo moja tu, nalo ni bei. Mwaka 1915 kijana aitwaye Thomas Lyle Williams alianzisha katika mji wa Chicago biashara ya kitu cha kukolezea kope. Husimuliwa kwamba alimwona dada yake Mabel akijipaka vaselini iliyochanganywa na masizi, na kwa hiyo akaliunganisha jina la dada na jina la vaselini, akapata Maybelline. Mwaka 1917 alitoa wanja mkavu wa kope katika kisanduku chenye brashi na kioo. Aliutangaza magazetini na kuuza kwa posta, na bei yake katika miaka ya 1920 ilikuwa senti 75, ambazo hazikuwa kidogo kwa msichana wa kiwandani. Kisha ikaja dhiki kuu ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Wengine waliona kwamba watu wasio na kazi hawatanunua mapambo; Williams aliona kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitoa visanduku vidogo vya senti 10, akaviuza katika maduka ya bei rahisi ya namna aliyoianzisha Frank Woolworth tangu mwaka 1879, ambamo kila kitu kiliuzwa kwa senti 5 au 10. Rangi za kupaka juu ya jicho nazo ziliingia katika visanduku hivyo. Mambo hayakuwa tena kama zamani. Kilichokuwa siri ya wachache kikawa mezani mbele ya wote, na bei yake ilikuwa sarafu moja.

Huenda msomaji akauliza kwa nini duka la dawa likawa nyumba ya rangi hizo. Jibu lake ni rahisi. Katika karne ya 19 mtengenezaji wa dawa wa Marekani ndiye aliyekuwa na mizani, kinu, mafuta, nta na poda. Yeye ndiye aliyechanganya marashi na krimu za uso kama alivyochanganya dawa ya tumbo. Viwanda vilipomwondolea kazi ya kuchanganya, alibaki na rafu, na rafu zake zikapokea vitu vilivyokwisha kutengenezwa. Mnunuzi naye aliona kwamba kitu kiuzwacho na muuza dawa lazima kiwe salama. Dhana hiyo haikuwa na msingi katika sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 ilihusu chakula na dawa. Urembo haikuutaja hata kidogo. Mtu aliweza kuuza chochote cha kupaka machoni, na serikali haikuwa na mamlaka ya kumzuia.

Gharama ya nafasi hiyo iliyoachwa wazi ililipwa mwaka 1933. Palikuwa na rangi ya kudumu ya kupaka kope, jina lake Lash Lure, iliyokuwa na kemikali itokanayo na lami ya makaa, ambayo huweza kuunguza vibaya ngozi ya mtu isiyoipatana nayo. Mama mmoja alipakwa rangi hiyo katika saluni ili apendeze kwenye hafla. Macho yake yalivimba, yakatunga usaha, na mwisho akapofuka. Mwanamke mwingine alikufa kwa rangi hiyo hiyo. Maofisa wa serikali walizikusanya picha za mama yule, kabla na baada, wakazitundika katika maonyesho pamoja na mifano mingine ya vitu vilivyodhuru watu, na waandishi wakayapa maonyesho hayo jina la chumba cha vitisho. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, ni mmoja wa waliokwenda kuyatazama. Hata hivyo wenye viwanda walishindana na mswada wa sheria kwa miaka mitano. Ulipita baada ya dawa moja ya maji kuua watu zaidi ya 100 mwaka 1937, na rais Franklin Roosevelt aliutia sahihi tarehe 25 Juni 1938. Lash Lure ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukamatwa chini ya sheria mpya. Wazee wetu walisema, penye urembo ndipo penye urimbo. Lakini mtego huu haukutegwa na urembo. Ulitegwa na sheria iliyonyamaza.

Baada ya vita vya pili vya dunia rangi ya macho iligeuka umbo. Hapo kwanza nyingi zilikuwa laini kama mafuta, zilizotiwa katika vikopo vidogo au vijiti, nazo zilikusanyika katika mikunjo ya jicho palipokuwa na joto. Poda iliyoshindiliwa ilishinda kwa sababu inakaa, haiharibiki upesi, na mashine moja huweza kushindilia vishimo vingi kwa dakika. Utengenezaji wake si fumbo. Sehemu kubwa ni unga wa kujazia, hasa talki na ulanga. Kisha hutiwa rangi, kama kutu ya chuma iliyosafishwa kwa ajili ya njano, nyekundu, kahawia na nyeusi, na buluu ya Guimet. Kisha mafuta kidogo ya kuushikanisha unga. Kisha hugandamizwa katika sahani ndogo ya bati. Tofauti kubwa ya kijaluba rahisi na cha ghali ni kipimo: rangi ni ghali kuliko talki, na atakaye kupunguza bei hupunguza rangi na kuongeza unga mweupe. Mng'aro nao uliwahi kuwa ghali, maana ulitolewa katika magamba ya samaki. Kuanzia miaka ya 1960 ulipatikana kwa kuvipaka vipande vyembamba vya ulanga utando wa oksidi ya titani. Hapo ndipo jicho la kung'aa lilipokuwa jicho la kila siku, na picha ya Kleopatra ya mwaka 1963, aliyoicheza Elizabeth Taylor akiwa na buluu hadi nyusini, ilikuta dunia iliyo tayari kuiga.

Lakini dunia hiyo haikuwa na watu wote. Unga mweupe mwingi juu ya ngozi nyeupe hufifisha rangi tu. Juu ya ngozi nyeusi huonekana kama majivu. Mwanamke mweusi wa Marekani aliyenunua kijaluba cha bei ndogo alilipa bei ile ile na kupata nusu ya kitu. Eunice Johnson, ambaye pamoja na mumewe walimiliki gazeti la Ebony huko Chicago, aliona wasichana wa maonyesho yake ya mavazi, yaliyoanza mwaka 1958, wakichanganya rangi wenyewe ili kuipata inayolingana na nyuso zao. Viwanda alivyoviomba vitengeneze rangi hizo havikuitika, basi mwaka 1973 kampuni yao ikaanzisha rangi zake, Fashion Fair. Rangi hizo zilikuwa njema, ila ziliuzwa katika maduka makubwa ya mjini, wala hazikuwa katika rafu ya duka la dawa. Ilichukua miaka mingi zaidi kabla rafu hiyo haijaanza kumjua mnunuzi mweusi. Kwa hiyo tunaposema kwamba jambo fulani limekuwa rahisi kwa wote, yafaa tuulize hao wote ni nani.

Safari ya bei iliendelea kuteremka. Mwaka 1979 ilianzishwa Wet n Wild, iliyojulikana kwa vitu vya senti 99. Na mwaka 2004 ikaanzishwa e.l.f., iliyouza vitu vyake kwa dola 1 kwa njia ya intaneti kabla ya kuingia madukani. Mtu akikumbuka thamani ya fedha ilivyopungua, ataona kwamba dola 1 ya mwaka 2004 ilikuwa chini ya senti 10 za mwaka 1932. Na rangi zenyewe zimekuwa bora: vijaluba vingi vya duka la dawa sasa vina rangi nyingi na talki kidogo, kiasi kwamba fundi wa urembo huvitumia pasipo aibu. Hii ni neema, na sioni sababu ya kuificha. Lakini gharama iliyotolewa katika bei ilikwenda wapi?

Sehemu yake ilikwenda shimoni. Methali yetu hutuonya tusidhani kwamba vyote ving'aavyo ni dhahabu. King'aacho katika kijaluba ni ulanga. Sisi tunaujua: ulichimbwa katika milima ya Uluguru tangu zama za Wajerumani. Ulanga mwingi wa urembo umetoka Jharkhand na Bihar, majimbo ya mashariki ya Bara Hindi. Sheria ya kulinda misitu ya mwaka 1980 iliyabana machimbo ya huko, na mengi yakaachwa. Lakini mahitaji hayakukoma, basi watu maskini wakarudi katika mashimo yaliyoachwa, pasipo kibali, pasipo nguzo za kuzuia udongo, wakiokota vipande vidogo na kuviuza kwa kilo. Watoto huingia mahali ambapo mtu mzima hapiti. Mwaka 2016 waandishi wa habari walifichua vifo vya watoto waliofunikwa na udongo, vifo ambavyo jamaa zao walivinyamazia kwa kuogopa kupoteza riziki. Mwaka 2017 makampuni kadhaa yaliunda umoja wao, wenye makao Paris, kwa nia ya kuukomesha utumishi wa watoto katika biashara hiyo, na baadhi yake yamegeukia ulanga utengenezwao kiwandani. Ni haki kusema pia kwamba urembo hauutumii ulanga wote. Rangi za magari na vyombo vya umeme hutumia mwingi. Lakini ulanga wa kijaluba umepita mikono mingi hata hakuna aliye tayari kusema kwa yakini mkono wa kwanza ulikuwa wa nani. Bei ndogo hupenda njia ndefu, maana katika njia ndefu mwenye lawama hapatikani.

Sehemu nyingine imebaki juu ya jicho la mnunuzi. Talki huchimbwa katika miamba ambayo pengine ina asbesto ndani yake, na mwaka 2019 idara ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba imeona asbesto katika rangi za macho na poda zilizouzwa katika maduka ya mapambo ya wasichana. Idara hiyo iliomba zirudishwe. Kuamuru haikuweza, maana sheria ya mwaka 1938 haikuipa uwezo huo. Uwezo wa kuamuru urembo wenye madhara uondolewe sokoni ulipatikana katika sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2022, miaka 84 baada ya ile ya kwanza. Kadhalika rangi kadhaa za waridi na zambarau hazijakubaliwa na sheria ya Marekani kupakwa karibu na jicho. Wako wauzaji wanaozitia katika kijaluba chenye kila dalili ya rangi za macho, kisha wakaandika nyuma yake, kwa herufi ndogo, kwamba zisipakwe machoni.

Kutokana na habari hizi nachukua mafunzo mawili kwa ajili ya wanafunzi wetu. La kwanza ni kwamba urahisi na usalama si ndugu wala si maadui. Kila mmoja huja kwa njia yake. Urahisi uliletwa na kemia na biashara. Usalama uliletwa na sheria, na sheria ilikuja baada ya mtu kuumia na wengine kupiga kelele kwa ajili yake. Hakuna bei, ndogo au kubwa, iliyouleta usalama kwa nguvu zake yenyewe. Wanja ghali wa manga huweza kuwa na risasi kama ule wa rahisi. La pili ni kwamba bei ni hati ya historia isomwayo nusu. Husema mnunuzi ametoa nini, na hunyamaza juu ya wengine waliotoa.

Kazi iliyobaki kwetu iko karibu kuliko Chicago. Habari za wanja katika pwani yetu hazijaandikwa inavyostahili: ulikuja katika majahazi gani, uliuzwa kwa pesa ngapi, nani aliusaga, na nini kilichanganywa nao kabla ya kutiwa katika kichupa. Wanaoyajua haya ni bibi zetu, na kila mwaka hupungua. Mwanafunzi wa historia akae nao aandike. Na mwenzake wa kemia auchukue wanja uuzwao sokoni leo, aupime. Maana mama bado anamtia mtoto wake mchanga macho yote mawili, kwa mapenzi, na anayo haki ya kujua ni masizi au ni risasi.